Sukuma Kushoto

Mwalimu Oliva aliichoka harusi ya mwanawe kabla haijafungwa. Alichoka na vikao vya kamati, alichoka na ujumbe wa simu ulioanza kuingia kabla ya jogoo, alichoka na kuulizwa rangi ya vitambaa vya viti, kana kwamba kiti kikifungwa utepe wa zambarau basi ndoa itadumu. Mjane mwenye magoti mabovu na mtoto wa jicho hana sababu ya kujali utepe. Alitaka jambo moja tu: siku ipite bila aibu, na wakwe warudi kwao wakiwa bado ni wakwe.

Na hilo halikuwa jambo dogo. Beno wake alikuwa anamwoa Dorika, binti wa Mayunga wa Namawala, na mtaa wao mzima wa Katindiuka ulimjua Mayunga. Ni Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe, akalima mpunga kuwapita waliomkaribisha, akajenga. Marehemu Dionisi, mume wa Oliva, naye alikuwa na shamba upande huohuo. Msimu mmoja ng'ombe waliingia wakala mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Hawakuwa ng'ombe wa Mayunga, lakini mtu aliyeliwa mpunga hasomi alama za ng'ombe. Kwake Msukuma ni Msukuma. Kesi ikaenda kwa mtendaji, ikapanda, ikarudi, na Dionisi akafa haijaamuliwa. Miaka iliyofuata Oliva aliwachukia watu wale mpaka akachoka. Chuki nayo ni kazi, tena ya kila siku, na yeye alikuwa amestaafu.

Ambaye hakustaafu ni shemeji yake Leodegar, mdogo wa marehemu. "Jana tuliwaachia shamba," alisema kwenye kikao cha kwanza, "leo tunawapa mtoto. Kesho watataka na makaburi." Mkewe Verediana alimkanyaga mguu chini ya meza. Haikusaidia kitu, Leodegar ana miguu migumu na kichwa kigumu zaidi.

Mayunga hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kupokea mahari, mambo yalipokwisha na watu wanaaga, alimshika Oliva mkono akasema taratibu: "Mzazi mwenzangu, nitakuja na watu wangu wote. Lakini mtu wangu mmoja akidharauliwa mlangoni, nageuka na wote. Binti yangu nitakuwa nimemtoa, ila sitakuwa nimemsindikiza." Waliosikia walicheka, wakadhani ni mzaha wa wakwe. Oliva hakucheka. Alijua binti asiyesindikizwa anaishi ukweni kama mpangaji, na akikosana na mumewe hana mzee wa kumwita.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwake Beno alipopiga simu kutoka Dodoma, anakofanya kazi ya kompyuta, na kuomba jambo ambalo hakuna bwana harusi mwingine bondeni angeliomba.

"Mama, watu siku hizi wanakodi skrini za taa. Mimi nataka zako."

"Zangu zipi?"

"Za Bruda Viktor. Zote tatu. Jina langu na la Dorika yapite kama ulivyokuwa unanipitishia mimi."

Bruda Viktor alikuwa mmisionari aliyefundisha hesabu pamoja na Oliva, zamani, Oliva akiwa mwalimu kijana mwenye magoti mazima. Alipokwenda kwao kuzeeka alimwachia kompyuta tatu za nyumbani, za enzi ambayo kompyuta ilikuwa kibodi tu unaichomeka kwenye televisheni. Ya kwanza ilikuwa Spectrum, nyeusi, ndogo, yenye vibonye vya mpira. Ya pili Commodore, ya rangi ya kahawia, imefura kama mkate wa boflo. Ya tatu iliandikwa BBC, na kila kundi jipya la wanafunzi lilingojea itoe taarifa ya habari. Zote zilizungumza BASIC, lugha ya kuandikia programu, na kila siku ya kuzaliwa ya Beno mama yake aliwasha mojawapo, jina la mtoto likatokea upande wa kulia wa televisheni, likapita, likapotelea kushoto. Mtoto alikimbia nyuma ya televisheni kutazama limeenda wapi.

Sasa mtoto huyo, mwenye ndevu, alitaka televisheni tatu zipangwe mstari mmoja mbele ya wageni, maneno yaingie kwa ya kulia, yatoke, yaingie kwa ya katikati, yatoke, yamalizikie kwa ya kushoto, kama treni ya TAZARA inavyopita stesheni. Oliva alitaka kusema amechoka. Akasema sawa.

Alifanya kazi hiyo sebuleni, asubuhi akitoka misa, kabla macho hayajaanza kuona ukungu. Asiyejua hudhani maneno yanatembea. Hayatembei. Unakata kipande cha sentensi kinachotosha upana wa skrini, unakiandika. Halafu unakata tena kuanzia herufi inayofuata, unakiandika palepale juu ya kile cha kwanza. Ukirudia haraka, jicho linadanganyika, linaona sentensi imesogea kushoto. Hakuna kilichosogea. Bruda Viktor alipenda kusema hiyo ndiyo kazi pekee ya uongo aliyoruhusiwa na shirika lake.

Tabu ilikuwa mashine tatu kukubaliana. BASIC ni lugha moja kama Kindamba na Kipogoro, vya makabila ya bondeni, vilivyo lugha moja: mnaelewana vizuri mpaka mnunue samaki. Mstari wa Spectrum ni mfupi kuliko wa wenzake, na namna yake ya kukata sentensi ni ya peke yake. Commodore inaweza kusogeza maandishi kidogo kidogo, chini ya upana wa herufi, ukiijulia namba ya kubadilisha kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo yake yanateleza wakati ya Spectrum yanaruka kama chura. BBC ina mbio. Ukiiacha yenyewe, bibi harusi anafika kabla bwana harusi hajatoka. Oliva aliifunga BBC breki kwa kuihesabisha bure, hesabu tupu isiyo na faida, baada ya kila hatua. Spectrum, iliyokuwa ya mwisho kushoto, aliiwekea nafasi tupu nyingi mwanzoni mwa sentensi, iwe inaonyesha weusi mtupu huku maneno yakiwa bado kwa wenzake. Ndivyo kompyuta inavyofundishwa kusubiri: unaiandikia nafasi tupu. Alifuta, akaandika, akafuta. Shingo ilimuuma, na kuna asubuhi alilala na uso juu ya vibonye akaamka ana alama za mpira kwenye shavu.

Lakini ilikubali. Siku tatu kabla ya harusi, BENO NA DORIKA WANAWAKARIBISHA WOTE ilivuka televisheni zote tatu bila kujikwaa, na Oliva akapiga makofi peke yake sebuleni.

Akahifadhi kila programu kwenye kaseti yake. Kaseti ya Commodore ilikuwa ya zamani, ile ya darasani, kwa sababu mpya hazipatikani tena. Mwanzoni mwake kulikuwa na somo la Bruda Viktor, na Oliva hakuwa na moyo wa kulifuta, basi akarekodi ya harusi baada yake.

Somo hilo wanafunzi wake wote walilijua. Bruda alipotaka jina la Kiswahili la kufanya maandishi yahame skrini, darasa lilibishana, na mwisho likakubali: sukuma. Sukuma kushoto, sukuma kulia. Akaandika programu ambayo maneno yenyewe SUKUMA KUSHOTO yanasukumwa kushoto, mfululizo, bila mwisho. Wavulana waliipenda kuliko somo lolote, maana herufi mbili za kwanza zikishatoka ukingoni, neno linalobaki halitamkwi mbele ya mama yako. Darasa lilikaa kimya likingojea hatua hiyo, kisha likaanguka kicheko, na Bruda akacheka nao akidhani wamefurahia hesabu. Hakuna aliyefikiria kabila. Siku hizo bondeni, sukuma ilikuwa kitenzi tu.

Harusi ilifungwa Jumamosi. Sherehe ilipangwa mchana katika ukumbi wa parokia ili watu wa vijiji vya Namawala na Mbingu wafike makwao kungali na mwanga. Ukumbi huo ni banda pana lisilo na kuta za pembeni. Ndani kulikuwa na feni, viti vya mto na ule utepe wa zambarau. Upande wa kushoto, nje ya nguzo, lilipaswa kuwapo turubai la wageni wa ziada, lakini halikuletwa. Vilikuwapo viti vya plastiki tu, juani, karibu na majiko ya pilau. Kamati ilisema wataona mbele ya safari.

Oliva alipanga televisheni zake za chogo mbele, moja kubwa katikati, ya Commodore. Maneno yalipita vizuri. Ndugu wa Katindiuka waliingia wakayasoma, wakapiga vigelegele, wakakaa ndani kwenye feni. Maharusi walikuwa bado kwenye daraja la mto wanapiga picha. Basi umeme ukakatika. Ulirudi mara moja, hata feni hazikusimama, lakini kompyuta za namna ile hazina subira: umeme ukipepesa tu, zinasahau kila kitu. Skrini zote tatu zikabaki tupu.

Akapiga magoti, magoti yale yale. Jasho liliingia kwenye jicho zuri. Commodore ina njia ya mkato, vibonye viwili kwa pamoja, nayo inapakia na kuanzisha programu yoyote inayoikuta kwanza kwenye kaseti. Vidole vyake vilikuwa vimerudisha kaseti mwanzo na kubonyeza hivyo miaka na miaka darasani, vikafanya hivyo tena vyenyewe, na yeye akahamia kwenye Spectrum, akainama na kinasa sauti, akiisikiliza ikilia ule mlio wake wa kuudhi, skrini yake ikipiga michirizi ya rangi. Mgongo wake ulikuwa umeielekea televisheni kubwa.

Nyuma yake, nje, zilisikika honi, kisha ngoma. Watu wa Mayunga walikuwa wamefika, mabasi mawili mazima, wanawake wamevaa sare ya kitenge cha bluu, wanaimba. Oliva alifurahi kusikia sauti ni nyingi. Amekuja na wote, alijiambia, sasa Spectrum ikikubali tu nitasimama nimpokee. Spectrum ikagoma. Akarudisha kaseti nyuma, akaanza upya.

Kitu kilichomwinua hakikuwa kelele, bali kimya. Wimbo ulikatika katikati ya kiitikio na haukuendelea. Akajishika kwenye meza, akanyanyuka kwa awamu kama wanavyonyanyuka watu wa umri wake, akageuka.

Nje ya nguzo, juani, safu baada ya safu, walikuwa wamekaa watu wa bluu. Moshi wa majiko uliwapitia usoni. Ndani, nusu ya viti vya mto vilikuwa vitupu. Na juu ya televisheni kubwa, kwa herufi zinazoteleza vizuri kuliko siku zote, yalikuwa yakipita maneno SUKUMA KUSHOTO SUKUMA KUSHOTO SUKUMA KUSHOTO.

Oliva aliiendea Commodore. Hakuthubutu kuyasimamisha kwa kibonye, yasije yakagandia pabaya. Alichomoa waya ukutani. Kisha akamwita Evod, mtoto wa Leodegar, aliyekuwa mkuu wa mapokezi na suti yake mpya.

"Nani amewakalisha wale nje?"

"Ni mimi, mama mkubwa. Si ilikuwa imeandikwa?" Evod alionyesha televisheni iliyozimwa. "Nilijua kamati imepanga. Nikawaambia, wageni wetu Wasukuma, upande wenu kushoto. Wakaenda fresh tu, hakuna aliyezingua."

"Na wewe hukuona ajabu?"

Evod alifikiri kweli, maana si kijana mbaya. "Hapana," akasema. "Iliniingia akilini."

Oliva alitoka juani. Mayunga alikuwa kwenye safu ya mbele, amenyooka, kofia ameiweka gotini. Mkewe, pembeni yake, alikuwa amejifunika kanga kichwani. Hakuna aliyesimama kumpokea Oliva, na yeye hakustahili.

"Baba Dorika," alisema, "nisamehe. Yale maneno hayakuwa yenu."

"Yalikuwa ya nani?"

Akamweleza. Alimweleza yote, kwa sababu mwalimu hajui kueleza nusu: umeme, kaseti, Bruda Viktor, somo la kwanza, maandishi yanayosukumwa. Alijisikia akisema, "Sukuma hapa ni kitenzi," na akatamani ardhi immeze. Mayunga alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Watu wake waliinamisha vichwa kusikia.

"Nimekuamini," alisema. "Hakuna mtu anayeweza kutunga uongo wa namna hiyo. Mashine imekosea, na wewe umechoka, nakuona. Hayo yamekwisha."

"Ahsante, mzazi mwenzangu."

"Lakini yule kijana si mashine. Alisoma, akatuonyesha jua, nasi tukatii. Wenzake waliona. Wazee wenu wale pale walituona tunapita mbele yao, na kivuli kipo, na viti vipo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Hilo ndilo ninalolitafakari hapa."

Oliva aligeuka akawatazama wazee wale. Alikuwa na hasira, lakini hakujua aielekeze kwa nani, na hata hasira yenyewe ilikuwa na usingizi. "Twendeni ndani," alisema. "Nawaomba. Nitawakalisha mbele kabisa."

"Hapana." Mayunga alisema bila ukali, na hiyo ndiyo iliyouma. "Mwalimu, mimi nilitoka kwetu kwa ukame. Nilipofika nikaambiwa sogea. Nikasogea, nikaambiwa tena. Nimevuka mto huu mama huyu akiwa na Dorika mgongoni, kwa sababu mtu fulani alisema ng'ambo kuna nafasi. Leo nimekuja harusini kwa mwanangu. Sisogei tena. Hata kwenda kivulini, sisogei."

"Unaondoka?"

"Namngoja binti yangu. Nikishamwona, nitajua."

Kutoka darajani mpaka parokiani si mbali. Oliva alirudi ndani akitembea kwa haraka kuliko magoti yalivyotaka. Aliiona akilini sherehe yote kwa mara moja: Dorika anashuka kwenye gari na shela lake, anawaona baba na mama yake juani kama watu walioletwa kuomba kazi, mabasi yanawashwa. Hakuna hotuba ambayo ingelirudisha hilo. Mshereheshaji alimletea kipaza sauti akidhani anataka kutangaza jambo, akakisukuma pembeni. Sauti ya darasani ilikuwa bado ipo.

"Simameni!"

Ukumbi mzima ukasimama. Zaidi ya nusu yao aliwafundisha hesabu, na miguu haisahau.

"Kila mtu abebe kiti chake. Tunahamia nje."

"Nje wapi?" akauliza mshereheshaji. "Mwalimu, ratiba…"

"Walipokaa wakwe zetu. Wao hawaji, basi tunakwenda sisi."

Kukawa na minong'ono. Mtu akasema jua kali, mwingine akasema kwani si waitwe tu waingie, kuna shida gani. Leodegar peke yake ndiye aliyekaa. Alikaa kwa makusudi, taratibu, akapanga mikono juu ya fimbo yake.

"Shemeji," alisema, "nimekufuata mpaka hapa kwa heshima ya kaka yangu. Juani kwa ajili ya Msukuma siendi. Kaka yangu alikufa anadai mpunga wake."

"Mimi ndiye niliyemzika, Leodegar."

"Basi utanielewa."

Alimwelewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabu ya maisha yake, kumwelewa kila mtu. Alishika kiti chake cha mama wa bwana harusi, kizito, kina mito na utepe, akaanza kukiburuta. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu kwa sauti mbaya. Alifika kwenye nguzo ya kwanza, akapumzika, watu wamesimama wanamtazama kama msiba. Kisha Verediana, mke wa Leodegar, akakunja kanga yake kiunoni, akainua kiti chake mwenyewe kichwani kama ndoo ya maji, akampita mumewe bila kumtazama. Evod akamfuata mama yake akiwa na viti viwili, uso umemwiva. Baada ya hapo wengine wakaja, wengi wao wakinung'unika. Wapo waliobaki, Oliva hakuwahesabu.

Walichanganyika vibaya. Viti havikutosha safu, wengine wakakaa wakiwapa wenzao migongo, mtoto wa mtu akaanza kulia kwa moshi. Oliva alikiangusha kiti chake pembeni ya mke wa Mayunga akakaa, akiwa hana pumzi. Mama yule alimtazama kitambo. Kisha akafungua kanga yake, akaitandaza ifunike vichwa vyote viwili, na kwa kuwa kanga si pana, ikabidi wasogeleane.

"Pole, mayu," alisema. Ni neno lao la kumwita mama.

"Nimechoka," Oliva alisema. Alilisema kama mtu anayetaja jina lake.

"Hata mimi."

Maharusi walifika wakaikuta harusi yao imekaa juani. Beno alitazama ukumbi, akatazama nje, akamwona mama yake chini ya kanga na mama mkwe wake. "Mama, kuna nini? Na skrini zangu?"

"Zimezimwa. Kaeni huku, mwanangu. Utaelezwa."

Dorika hakuuliza. Alimtazama baba yake, akawatazama wale waliobaki ndani kwenye feni, akaelewa kwa haraka kuliko Beno, kama anavyoelewa mtu aliyezoea. Mayunga aliinuka. Oliva alishikilia mkono wa kiti. Lakini mzee alimvuta binti yake tu, akampangusa vumbi begani lililokuwa halipo, akamkalisha, naye akarudi kukaa. Ngoma ikaanza tena, kwanza kwa aibu.

Pilau ilipotolewa, Mayunga alimwinamia Oliva. "Yule mzee aliyebaki mbele ndani, mwenye fimbo. Ni nani?"

Oliva aliona si wakati wa kupamba. "Mdogo wa marehemu mume wangu. Ng'ombe walikula mpunga wao Namawala. Hataki kutoka."

"Ng'ombe wangu?"

"Hapana. Wa mtu mwingine. Kwake ni mamoja."

Mayunga alitafuna taratibu, akameza. "Amesema hasogei?"

"Amesema hivyo."

"Basi asisogezwe," alisema Mayunga. "Apelekewe chakula hukohuko."

Wapokezi walitazamana. Evod alianza kuinuka, suti ina masizi, lakini Dorika alikuwa tayari amesimama. Alipakua mwenyewe, akatafuta mnofu, akaweka na kachumbari pembeni, akakusanya shela lake kwa mkono mmoja na kuingia ndani peke yake kati ya viti vitupu. Nje watu waliacha kula. Walimwona akifika mbele ya Leodegar, akipiga magoti, gauni jeupe lote limeenea kwenye sakafu ya saruji. Hawakusikia alichosema, huenda ilikuwa shikamoo tu.

Leodegar hakumtazama usoni. Alitazama feni, akatazama televisheni tatu zisizo na kitu. Alikaa hivyo mpaka Verediana, huku nje, akaanza kusema kwa sauti ndogo, "Pokea, baba Evod. Pokea basi, jamani." Kisha mzee akaiegemeza fimbo kwenye kiti cha jirani. Uso wake haukubadilika, wala mdomo haukufunguka, lakini mikono ilikuwa imelelewa vizuri kuliko mdomo. Aliipokea sahani kwa mikono yote miwili.